Koo Lipi? Mhadhara juu ya Koromeo na Umio

(Mhadhara huu ulitolewa mbele ya walimu wa Kiswahili, wauguzi na wanafunzi wa tafsiri, katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie istilahi za tiba katika Kiswahili. Hiyo ni bahari, nami si mpiga mbizi. Nimechagua kisima kimoja: mrija wa sentimita 10 hadi 12 kwa mtu mzima, unaoteremsha hewa kutoka shingoni hadi kifuani, na jina tunalouitia. Kusudi langu ni kuwashawishi kwamba mrija huo jina lake ni koromeo, kwamba jina hilo hatuna haja ya kuliazima popote, na kwamba tunapolichanganya na koo kuna mtu, mara nyingi mtoto, anayelipia.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifasiri kipeperushi cha huduma ya kwanza kwa ajili ya kliniki moja ya mama na mtoto. Niliandika: "Kitu kikimkwama mtoto kooni, usimpe maji wala chakula." Nikakisoma mbele ya kina mama kwa sauti ya kujiamini. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu akainua mkono. "Mwanangu, koo lipi? La chakula au la pumzi?" Nikacheka kidogo, kicheko cha msomi asiye na jibu. Naye akaendelea: "Maana mwiba wa samaki ukitusakama sisi humeza tonge la ugali, ukashuka. Wewe unasema tusile. Na mtoto akipaliwa, je?" Sikuwa na la kusema. Kipeperushi kilikuwa kimeshapigwa chapa, kikabandikwa ukutani vilevile kilivyo.

Yote nitakayosema leo ni jibu langu kwa bibi yule, jibu lililochelewa.

1. Koo ni mahali, si mrija

Tuanze na mwili. Hewa ya puani na chakula cha mdomoni hukutana nyuma ya ulimi. Hapo ndipo kooni, njia panda. Chini yake barabara zinaachana. Ya mbele huanza na kile kisanduku kinachotoa sauti, ambacho kwa wanaume hutokeza kama fundo, kisha hufuata mrija wa hewa hadi ndani ya kifua, unapogawanyika kuwa matawi mawili, moja kwa kila pafu. Ya nyuma ni umio, mrija wa chakula, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 25 hadi tumboni.

Naomba kila mmoja aweke vidole viwili shingoni, chini ya lile fundo. Mwenyekiti naye, asione haya. Mnasikia vitu vigumu vigumu, kama pingili? Hizo ni pete za gegedu, 16 hadi 20. Pete hizo hazikufungwa. Zina umbo la herufi C, na uwazi wake umeelekea nyuma, ulikoegemea umio. Mbele pete hushikilia njia isijifunge hata mara moja, na nyuma kuna ukuta laini unaoachia nafasi tonge likipita jirani. Umio wenyewe hauna pete. Hauna haja ya kukaa wazi mchana kutwa. Hufunguka kukiwa na kitu cha kupitisha.

Sasa, neno koo linatosha kabisa kwa kutaja mahali. "Koo linaniwasha", "koo limenikauka": hakuna anayeuliza ni mrija upi. Dondakoo nao uliitwa kwa mahali unapoonekana, ingawa watoto waliokufa kwa ugonjwa huo wengi waliuawa na utando uliokwenda kuziba njia ya hewa. Leo kinga yake imo katika sindano wanazochomwa watoto wetu wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mimi sina ugomvi na koo. Ugomvi wangu ni pale tunapolitwisha kazi ya mirija miwili kwa mkupuo. (Wanafunzi wa mofolojia naona mnanong'onezana: ndiyo, kuna koo la kuku, na kuna koo za watu ambazo ni wingi wa ukoo. Hizo tuziache zitage na kuzaana kwingine.)

2. Vitenzi vilijua kabla yetu

Bibi yule alitumia maneno mawili ambayo mimi, mwenye shahada, sikuyaweka katika kipeperushi: kusakamwa na kupaliwa. Yatazameni vizuri. Mtu husakamwa na mwiba, na kipande cha muhogo mkavu, na tonge kubwa. Kitu kimenasa njiani. Kinauma, mate hayashuki, lakini anapumua na hata kulalamika analalamika. Kupaliwa ni jambo jingine. Mtu hupaliwa na maji, na uji, na hata na mate yake mwenyewe akicheka huku anameza. Kitu kimekosea njia. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na watu wanamwambia pole huku wanampigapiga mgongoni.

Katika kitenzi kimoja kuna umio, katika kingine kuna mrija wa hewa, na hakuna mzungumzaji mzoefu anayeyachanganya. Hakuna anayesema amepaliwa na mwiba wa changu uliomkaa siku mbili. Kwa hiyo wanaodai kwamba Kiswahili hakitofautishi njia hizi mbili wametafuta tofauti kwenye nomino peke yake, kama mtu aliyeangusha funguo uani akazitafuta sebuleni kwa kuwa ndiko kwenye taa.

Na hata nomino, tukizisikiliza, zinasema. Umio ni neno la kumeza. Waganda husema kumira kwa kumeza, na koo huliita omumiro. Wakikuyu huliita mũmero. Kumeza kwetu nako ni tawi la mzizi huohuo. Umio basi ni mali ya ukoo mzima wa Kibantu, na kazi yake imeandikwa usoni.

Koromeo je? Sina cheti chake cha kuzaliwa, lakini umbo lake linanishawishi. Kutegemea kumetupa tegemeo, kukimbilia kumetupa kimbilio. Kukoroma, ukikupeleka kwenye kukoromea, kutakupa koromeo: pale pa kukoromea. Wauguzi, najua mtanisahihisha kwamba mlalaji hukoroma kwa kilimi na kaakaa laini kutikisika, na kwamba mrija wa chini hauna hatia. Kweli. Ila walioliunda neno hawakuwa na kisu cha mpasuaji, walikuwa na masikio. Waliposikia hewa ikikwaruza ndani ya shingo, wakaiita njia yake kwa sauti yake. Tena anayekoroma si mlalaji peke yake. Mnyama aliyechinjwa naye hukoroma, na huyo hukoroma kwa mrija wenyewe.

3. Aliyenifundisha ni mchinjaji

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana elimu hii sikuipata chuoni. Niliipata Pangani, kwa mjomba wangu, mchinjaji.

Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika mwambao wetu, mnyama hawi halali mpaka kisu kikate njia mbili kikamilifu: hulqumu, njia ya pumzi, na marii, njia ya chakula. Mishipa miwili mikubwa ya damu ya kando kuikata ni sunna. Mjomba aliyajua majina hayo ya Kiarabu tangu madrasa, lakini akiwa kazini hakuyatumia. Alisema koromeo na umio. Na kwake haya hayakuwa maneno ya kupamba: akikosea moja, ng'ombe mzima anakuwa mzoga, na hasara ni yake.

Siku moja aliniita, nilikuwa na umri wa miaka kama tisa, akanishikisha kichwa cha mbuzi aliyekwisha chinjwa. "Tazama, mwanangu. Hili la mbele ni koromeo. Lina pingili kama mua. Ukilikata linabaki limetoa macho, wazi. Huu wa nyuma ni umio. Mlaini kama utumbo. Ukiukata unajikunja, unajificha. Mchinjaji mwanafunzi hulikata koromeo akadhani amemaliza, kumbe umio umelala nyuma unamcheka." Kisha akauvuta umio kwa vidole viwili, akaufunga kwa kipande cha kamba ya ukindu ili cheu isimwagikie nyama. Koromeo hakulifunga. Nikamwuliza kwa nini. "Lina nini ndani la kumwagika? Upepo?"

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Ibn Zuhr, tabibu wa Sevilla katika karne ya 12, alipotaka kujua kama mrija wa hewa ukipasuliwa unaweza kupona, alimpasua mbuzi, akamuuguza, na mbuzi akapona. Kabla yake, al-Zahrawi wa Cordoba alieleza habari za kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alimshona, naye akapona akabaki na sauti iliyokwaruza. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mjomba na mbuzi wake. Elimu ya shingo, popote ilipotokea, ilianzia kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kutochanganya mirija miwili.

Neno hulqumu lenyewe wengi mnalikuta katika Surat al-Waqi'a, aya ya 83, panapotajwa roho inapofika pale. Na watu wa pwani, wakisema jambazi "alimkaba roho" mwenzake, huwa wanamaanisha shingo na pumzi iliyomo. Nadhani hapo tumekaribiana na Waarabu kuliko tunavyofikiri.

4. Trakea si neno safi kuliko letu

Kuna wenzangu, na wengine wamo humu, wanaosema: kwa nini tujisumbue? Tuandike trakea, ni neno la kisayansi, dunia nzima inalielewa.

Haya, tulifungue. Wagiriki wa kale waliuita mrija wa hewa arteria. Aristotle alilitumia hivyo. Baadaye mishipa ya damu nayo ikaitwa arteria, kwa kuwa katika maiti ilionekana mitupu, na Erasistratus, tabibu wa karne ya 3 kabla ya Kristo, akafundisha kwamba ndani yake mlipita pumzi. Ndipo ikabidi ule mrija wa shingoni utofautishwe: ukaitwa arteria tracheia, yaani arteria yenye kukwaruza, kwa sababu ya pete zake. Galen, katika karne ya 2, alifunga mshipa wa mnyama aliye hai huku na huku, akaupasua katikati, ikatoka damu. Fundisho likaanguka, majina yakabaki. Neno arteria likaenda na damu, lile kosa likiwa ndani yake hadi leo. Mrija wa hewa ukaachiwa sifa peke yake: trakea, "yenye kukwaruza".

Ni sawa na mtu aliyeitwa Juma Mwenye Chunusi, kisha Juma akachukuliwa na jirani, yeye akabaki anaitwa Mwenye Chunusi.

Sisemi tulikatae. Mwanafunzi wa udaktari atalihitaji kwa vitabu vyake. Nasema tu kwamba halina usahihi wa kuzaliwa ambao koromeo halina. Linakwaruza kwa mkono, letu linakwaruza kwa sikio.

Bomba la hewa nalo? Wajerumani wanasema Luftröhre, bomba la hewa hasa, na wanaishi nalo vizuri. Lakini mtoto wa darasa la nne hapa kwetu, ukimwambia bomba la hewa, ataliona lile la kujazia baiskeli upepo. Nimejaribu. Mmoja aliniuliza kama nalo lina mpira wa kuunganishia.

5. Deni letu kwa wanaisimu

Sasa nije kwenye ugumu wenyewe, ambao wanatafsiri huuruka. Neno koromeo limeshapata mwenyewe mwingine. Vitabu vyetu vya fonetiki hulitumia kwa kisanduku cha sauti, na kila aliyesoma kidato cha tano amefundishwa kwamba /h/ ni sauti ya koromeo. Mitaani nako ni hivyohivyo nusu: wapo wanaosema koromeo kwa lile fundo la mbele, wapo wanaolisema kwa koo lote, na wapo, kama mjomba, wanaolisema kwa mrija.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka huohuo kamusi sanifu ya isimu na lugha. Kazi kubwa zote mbili. Lakini tangu hapo tumezoea kwamba mwalimu wa biolojia ana kabati lake na mwalimu wa isimu ana lake, ilhali shingo ni moja.

Pendekezo langu: fundo la sauti tuliite zoloto, neno lililomo kamusini na ambalo halijachoshwa na kazi nyingine. Mrija ulio chini yake uwe koromeo. Yale mapacha ya kifuani yawe matawi ya koromeo, la kulia na la kushoto. Kifuniko kinachoshuka tunapomeza ili tonge lisiingie upande wa hewa kiwe kidakatonge, kama baadhi ya wanaisimu wanavyokiita tayari, na watu waache kukichanganya na kilimi, kile kinachoning'inia nyuma ya ulimi.

Wanaisimu watasema nimewapora. Mwalimu wangu aliyeketi pale ameshaanza kutikisa kichwa. Mwalimu, shikamoo. Mimi siwaombi mfute "sauti za koromeo" katika vitabu. Hewa inayotengeneza sauti hizo hata hivyo hutoka huko chini. Ninachoomba ni kwamba katika maandishi ya afya, ambako mtu atalifanyia kazi neno kwa mikono yake, koromeo liwe mrija. Kama mnaona zoloto halifai, leteni jingine. Ila msituachie koo peke yake.

6. Linapoingia kazini

Mwenyekiti ameitazama saa yake mara mbili, nami nimemwona. Nitasema mambo mawili tu ya matumizi.

La kwanza ni karanga. Mtoto wa mwaka na nusu anakimbia huku anatafuna karanga, anaanguka, analia, anavuta pumzi, na punje inaingia koromeoni. Ikipita chini, mara nyingi huelekea tawi la kulia, kwa kuwa hilo ni pana, fupi na limeshuka wima zaidi ya lile la kushoto. Mtoto anakohoa sana, kisha anatulia, na wazazi wanashukuru kwamba "ameimeza". Hajaimeza. Wiki mbili baadaye ana homa na kikohozi kisichosikia dawa. Mama akiulizwa "je, aliwahi kusakamwa na kitu?" atasema hapana, na atakuwa mkweli. Aulizwe "je, aliwahi kupaliwa?" Muuguzi mmoja niliyemwambia hili alinijibu kwamba swali hilo ndilo analolitumia tangu zamani, ila kwenye fomu jibu lake hulijaza sehemu iliyoandikwa koo.

Basi na yule bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Tonge la ugali kwa mwiba ni mazoea ambayo madaktari hawayapendi, lakini anayelimeza angalau anapumua. Mtoto aliyezibwa koromeo ukimpa tonge au maji unamwongezea kifusi. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kulia, kusema wala kukohoa, ainamishwe mbele apigwe kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Ikishindikana, akumbatiwe kwa nyuma na kubinywa tumbo, juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu mara 5, kwa kupokezana hivyo hadi kitoke, huku mwingine akiita msaada. Mtoto wa chini ya mwaka habinywi tumbo: hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni mara 5, kisha akageuzwa na kukandamizwa kifua mara 5.

La pili ni kimeo, jina jingine la kilimi. Mnajua ninachosema. Mtoto anakohoa muda mrefu, anafunguliwa kinywa, kinaonekana kilimi kimening'inia, kinahukumiwa kwamba kimerefuka na ndicho kinachomkohoza, na fundi anakikata. Watoto wamevuja damu kwa sababu hiyo, wengine wamepata maambukizi. Nimejiuliza kwa nini kilimi ndicho kinachoshtakiwa. Nadhani ni kwa sababu kinaonekana na kina jina. Koromeo, ambamo vijinywele visivyoonekana kwa macho vinasukuma makohozi juu usiku na mchana, halionekani, na sisi tuliosoma tumelinyima jina lake tukaandika koo. Mama akiambiwa "tatizo liko kooni", atafungua kinywa cha mtoto na kutazama kooni. Atakiona kimeo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kliniki ile imekubali nikifasiri upya kipeperushi changu. Rasimu iko mezani karibu na mlango, ukurasa mmoja. Nimeandika kupaliwa pale panapohusu hewa, kusakamwa pale panapohusu chakula, na nimechora shingo kwa ubavu, koromeo mbele, umio nyuma. Kando ya kila kiungo nimeacha mstari mtupu. Nawaombeni, mkitoka, kila mmoja aandike hapo neno wanalolitumia kwao: Lamu, Makunduchi, Kigoma, Lubumbashi, popote, pamoja na wanalolitumia wachinjaji, ambao ningependa sana tuwaalike mwakani waketi mstari huu wa mbele. Nitayakusanya mwisho wa mwezi, kisha nitarudi kliniki kuisoma rasimu kwa sauti mbele ya kina mama kabla mtambo wa chapa haujawashwa. Kalamu ziko mezani, na nadhani mkono wa kwanza ulioinuka ni wa mwalimu wangu. Karibu, Mwalimu.